Maziwa Ndani ya Bidoni la Sindano

Diploma yangu iko ukutani, ndani ya fremu ya kioo, juu ya meza ninapopimia wagonjwa. Niliitundika siku ileile nilipokabidhiwa kituo cha afya hapa karibu na Kingi, kabla hata sijafungua kabati la dawa. Wako watu wanaoficha diploma zao sandukuni pamoja na nguo za harusi kwa kuogopa wivu. Mimi siogopi. Sikuirithi, sikuinunua, na hakuna mjomba aliyenipigia simu kuniombea nafasi. Nilisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi kutoka milima hii mpaka Sake. Nikabeba sementi na mchanga kwa mafundi wa Goma waliokuwa wakijenga juu ya mawe ya volkeno. Kila nilipomaliza kulipia mwaka mmoja wa shule nilirudi kwenye sementi kuutafuta mwaka unaofuata. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuja kwangu na kikohozi chake ataisoma diploma kwanza, apende asipende, maana kiti cha mgonjwa nimekielekeza huko.

Wa kwanza kuisoma alikuwa mkunga wetu. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono mipana, na ukitembea naye sokoni utasimamishwa kila hatua na watoto aliowapokea duniani. Siku hiyo alivaa miwani, akaisoma yote mpaka muhuri, akaivua miwani.

"Ni ya muzuri, Papa Titulere," akasema. Titulere ndivyo tunavyomwita muuguzi anayeongoza kituo. "Tena kioo yake iko safi. Sasa umwambie ashuke ukutani, akuje kusaidia. Kuna muzazi anasukuma."

Tulielewana tangu hapo. Mimi napenda mtu anayejua kazi yake na kujibu bila kuinamisha kichwa, maana ndivyo nilivyo mwenyewe.

Kituo kile nilikikuta na desturi moja ambayo ningeipata hata nikiwa nimefumba macho. Mtu akishamchoma mgonjwa sindano, na mwingine anamwita, aliipanda sindano kwenye ukingo wa godoro. Ilisimama hapo kama mche wa kitunguu mpaka apate nafasi ya kuja kuing'oa. Kila mmoja alijua alipopanda za kwake. Hakuna aliyejua za mwenzake zimepandwa wapi.

Asubuhi moja ya mvua, mkunga alikuwa akikunja mashuka baada ya mama mmoja kujifungua. Nilisikia akisema "Ayi!" mara moja tu, kwa sauti ndogo, na mimi niliyezoea sauti yake kubwa nikajua si jambo dogo. Nilimkuta amesimama kando ya kitanda, kidole kimo mdomoni, na sindano iliyosahauliwa imenasa kwenye shuka.

"Toa kidole mdomoni, Mama! Usikinyonye, usikikamue. Maji na sabuni!"

"Titulere, iko kadamu kadogo tu."

"Hata kangekuwa kadogo kuliko chawa. Maji!"

Nikamsimamia kwenye ndoo yenye bomba, nikamimina maji mpaka akalalamika kwamba namwosha kama mtoto mchanga. Halafu nikampigia dereva wa pikipiki, akashuka mlima kwenda hospitali kuu kuleta vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, vile vinavyotakiwa kuanzwa mapema bila kungojea. Alivimeza vyote, siku zote zilizotakiwa, ingawa vilimfanya achukie harufu ya maharagi. "Niko na mimba ya dawa," aliwaambia wajawazito waliokuja kupimwa matumbo yao, na wao wakacheka. Vipimo vya damu baadaye vilitoka vizuri. Nalisema hili mapema ili msomaji asile chakula chake kwa wasiwasi.

Lakini mume wake hakungoja vipimo. Ni mfugaji, mrefu, wa kofia na buti na fimbo, anauza maziwa na kutengeneza fromaji, jibini ya hapa kwetu, ambayo hufika mpaka Goma. Alikuja akasimama katikati ya ua wa kituo, akachomeka fimbo yake kwenye matope kama mtu anayepima shamba.

"Papa Titulere," akasema, "miye nilioa muke. Sikuoa sindano."

"Papa, ni ajali ya kazi."

"Ngombe akinipiga teke, ile njo ajali ya kazi. Lakini ngombe haina diploma. Weye uko nayo, tena ya kioo."

Mlinzi wetu, ambaye pia ndiye anayefagia na kuchoma taka, aligeukia ukuta ili nisimwone akicheka.

Mfugaji yule alitaka kumrudisha mkewe nyumbani, na hakuwa anatania. Mke mwenyewe alikuwa kando yangu, amefunga mikono kifuani. Nilijua maana ya kuondoka kwake. Akiondoka yeye, chumba cha kuzalia kinafungwa, maana barabara zikiwa kama zilivyo hakuna mkunga mwingine atakayekubali kupandishwa mlima huu. Na chumba kikifungwa, wanawake wetu watarudi kubebwa kwa machela mpaka hospitali, mlima baada ya mlima, wengine wakizalia njiani. Nilijua pia kitu kingine, kwa sababu aliniambia baadaye akiwa anapanga glavu: "Kazi hii njo miye, Titulere. Nikikaa ku nyumba nitaanza kuzalisha ngombe zake, na ngombe hazisemagi aksanti."

Nikamwomba mzee muda. Maharagi yalikuwa yametoka tu kupandwa. Tukakubaliana hivi: mpaka maharagi yavunwe, asichomwe mtu yeyote katika kituo changu.

"Yeyote," akasema akiinua kidole. "Hata mwenye kufagia. Akichomwa muntu mumoja, muke wangu anarudi ku nyumba, na weye uzalishe na diploma. Asipochomwa, nitanyamaza."

Tukagusanisha vichwa, kushoto, kulia na katikati, kama tunavyosalimiana kwetu, akaondoka na fimbo yake.

Mtu mwingine angeanza kwa kubandika makaratasi ukutani na kuwafokea watu. Mimi nilikaa nikafikiri. Mtu hapandi sindano kwenye godoro kwa kuwa ni mjinga. Anaipanda kwa kuwa sanduku la kutupia liko mbali na mkono wake, na mama anayejifungua hamngojei atembee. Masanduku yenyewe tuliyoletewa yalikuwa ya kartoni. Mara nyingine yalilala barabarani kule Mubambiro pamoja na mizigo ya watu wengine, na yalipofika, ukungu wetu uliyalainisha mpaka sindano zikachungulia nje kama miba ya samaki. Kartoni hizo ziliundwa na watu wasiojua milima yetu ya Masisi.

Lakini mimi nilikuwa nimetoka Itebero. Kabla ya kurudi milimani kwetu nilifanya kazi huko, katika msitu wa Walikale, ambako unatembea kutwa nzima chini ya miti kwenda kuchanja watoto, na mvua haina msimu, inanyesha tu. Kule kartoni haidumu hata juma. Kwa hiyo tulitumia mabidoni ya njano, yale madumu mazito ya mafuta ya mawese, ambayo katika nchi ya michikichi yanaokotwa kila mahali. Unakata mdomo juu, upana wa kuingiza sindano na bomba lake lakini si mkono, na mchezo umekwisha. Sindano haitoboi, mvua hailainishi. Wenzangu wengi walipita Itebero wakaondoka na malaria tu. Mimi niliondoka na maarifa.

Nikatafuta mabidoni ya njano, nikayaosha, nikayakata. Nikayafunga kwa waya ukutani kando ya kila kitanda, mahali ambapo mkono unafika bila mguu kusogea. Juu kidogo ya nusu nikachora alama kwa msumari wa moto: sindano zikifika hapa, bidoni linafungwa kifuniko chake na kwenda kwenye tanuri la taka. Wala halifunguliwi tena, wala hakuna kuingiza kidole, hata pete ya harusi ikidondokea humo. Nikapiga marufuku kurudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika. Na kwa kuwa mkono wangu ukianza kazi hausimami, nikainua kitanda cha kuzalia kwa matofali ili mkunga asiiname kama mtu anayepalilia. Mlinzi nikampa buti, miwani na glavu nene za fundi ujenzi.

Alizivaa, akajitazama chini na juu.

"Papa Titulere, muke wangu akiniona hivi atasema nakwenda kuchimba madini Walikale."

"Mwambie unakwenda kuchoma taka na kurudi na vidole vyote."

"Ah, hapo atakasirika. Madini iko na faida."

Magodoro yakapona. Nilipita kila asubuhi nikipapasa kingo zake kwa kibao, na sikupata mche hata mmoja. Kwenye mkutano wa wakuu wa vituo nilisimama kueleza, na nilieleza mpaka chai ikapoa. Wenzangu walinung'unika, lakini niliona wawili watatu wanachora bidoni kwenye daftari zao. Huko shambani maharagi yalitoa maua, yakafunga maganda. Mkunga alianza tena kunichokoza kuhusu kioo cha diploma, na mumewe tulipokutana njiani aliniuliza swali moja tu, akinyoosha shingo: "Bado hakuna?" Nami nikajibu: "Bado hakuna."

Ndipo binti yao akaja kujifungua. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na hakutaka mikono mingine isipokuwa ya mama yake. Alijifungua mchana kweupe, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Nilikuwa dirishani nikiandika, nikamwona mlinzi akikimbia kwenda kumpa babu habari, na si muda mrefu babu akaja akitembea kwa hatua ndefu, kofia mkononi, bidoni la maziwa begani. Yalikuwa ya asubuhi hiyo, ya ng'ombe wake bora, yule mwenye baka jeupe usoni.

Hapa lazima nieleze desturi ya wafugaji wetu, kwa ajili ya wasomaji wa nchi za michikichi. Nyumba ikiwa na mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua, watu wake huweka bidoni mlangoni, wazi. Mwenye ng'ombe akipita humimina kidogo ndani yake, bila kuambiwa, bila kushukuriwa. Kupita bila kumimina ni kama kupita msibani ukipiga mluzi. Na mabidoni ya maziwa huku kwetu yote ni ya njano.

Wanawake walikuwa wamempeleka binti kuoga nyuma ya kituo, mkunga akiwa pamoja nao na mtoto. Chumba kilikuwa kitupu na kimefagiwa. Babu akaingia kutafuta mjukuu, asimwone. Alichokiona ni bidoni la njano, limetundikwa vizuri kando ya kitanda cha mzazi, mdomo wazi, kwenye kimo cha mkono wa mtu anayetaka kumimina.

Nilisikia sauti ya maziwa yakiingia kwenye plastiki. Ni sauti ninayoijua tangu utotoni, na nilitabasamu kabla akili haijaniuliza inatoka wapi. Nilipofika mlangoni alikuwa anafuta mdomo wa bidoni lake kwa jani, uso umejaa furaha.

"Papa Titulere, leo nakusifu mbele ya Mungu. Umeweka bidon ya wazazi ndani ya chumba! Hata baba zetu hawakufikiri hivi. Lakini iko kadogo. Nimejaza mpaka juu."

Mkunga akaingia nyuma yangu na mtoto mikononi. Alitazama bidoni, akanitazama mimi, akamtazama mumewe. Mabomba ya sindano yalikuwa yameelea juu ya povu.

Mzee naye akayaona.

"Nani ametupa bintu mu maziwa yangu?"

Akakunja mkono wa shati. Ilikuwa dhahiri anataka kufanya nini: kupanua ule mdomo kwa vidole na kuzitoa takataka zile kabla hazijaharibu maziwa ya mjukuu. Mimi nilikuwa mlangoni, mbali. Mkunga alinitupia mtoto kifuani kama mtu anayepokezana kikapu, na kabla vidole vya mumewe havijagusa plastiki alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake kwa ile mikono iliyovuta watoto wa mlima mzima.

"Usitie mukono!"

"Acha, Mama! Iko maziwa!"

"Haiko tena maziwa. Iko sindano yenye kuogelea. Rudi nyuma."

"Miye?"

"Weye. Titulere alisema hakuna kidole, hata pete ya harusi ikianguka humo. Na weye njo pete yangu ya harusi. Rudi nyuma."

Akarudi nyuma. Sijawahi kumwona mwanamume wa fimbo akirudi nyuma haraka vile. Nami nilikuwa nimemshika mtoto anayelia, jasho linanitiririka mgongoni, maana maneno ya mapatano yetu yalikuwa yamenirudia: yeyote. Hakuna mtu katika Masisi nzima aliyekuwa karibu kuyavunja kuliko yeye aliyeyatunga.

Nikadhani imekwisha. Nikamwita mlinzi, akavaa glavu na buti, akafunga kifuniko, akakata waya, akalibeba bidoni wima kama mtu anayebeba chungu cha uji wa moto, kuelekea kwenye tanuri. Hapo mzee akauona moshi.

"Anakwenda nayo wapi?"

"Kuichoma, Papa. Ndiyo kanuni."

"Kuchoma maziwa?"

Watu wa mashamba kama mimi tunajua jambo hili kwa masikio, lakini wafugaji wanalijua kwa mifupa. Maziwa hayachomwi. Hata yakifurika jikoni yakaanguka kwenye moto, mama wa nyumba hushtuka na kuomba radhi, maana chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zitapasuka na ataacha kutoa. Na hili halikuwa tone jikoni. Lilikuwa bidoni zima, la ng'ombe mwenye baka usoni, la siku aliyozaliwa mjukuu.

Mlinzi akasimama, bidoni mikononi.

"Endelea," nikamwambia.

"Papa Titulere, miye nalipwa na kituo. Lakini watoto wangu wanakunywa kwa huyu mzee."

"Basi yamwage chini tu," akasema mama mmoja aliyekuwa akingoja chanjo.

"Na sindano zimwagike nayo miguuni? Hapana," nikasema.

"Muchuje na kitambaa," akasema mwingine.

"Anayechuja achomwe, halafu yule anayekunywa augue? Hapana."

"Mzee atengeneze fromaji," akasema mlinzi, akisahau kwamba mikono yake imeshika hatari. "Fromaji yenye mifupa. Watu wa Goma watafikiri ni ya samaki." Ua wote ukacheka, hata mkunga, ila mumewe tu.

Yeye alinitazama mimi. "Titulere," akasema polepole, "ukichoma, ngombe itakauka, na sitamwacha muke wangu afanye kazi mahali penye wanachoma maziwa. Ukimwaga, muntu atachomwa, na mapatano imekwisha. Weye njo mwenye diploma. Sema."

Shule haikunifundisha lolote juu ya ng'ombe mwenye baka. Lakini mimi si mtu wa shule tu. Nilikuwa nimembeba mtoto yule bado, na nikiwa namtikisa nikaangalia mlango wa ghala, na humo nikaona gunia la sementi lililobaki tulipotengeneza sakafu. Nikaiona Goma yote tena: mabega yangu yaliyochubuka, vumbi puani, fundi akinifokea. Nikamrudishia mkunga mjukuu wake.

"Papa," nikasema, "maziwa yakimwagika ni hasara?"

"Ni hasara."

"Yakichomwa ni laana?"

"Ni laana."

"Na yakijenga?"

Akakunja uso. "Yajenge nini?"

"Jiwe. Nitachanganya sementi na maziwa yako, sindano zifungwe humo milele, hakuna moto, hakuna tone litakalokwenda bure. Litakuwa jiwe la kumlinda mkeo na kila mtu anayefanya kazi hapa."

Alitazama malisho kule juu, kana kwamba angeweza kumwuliza ng'ombe mwenyewe.

"Hakuna ngombe yenye ilishapata kujenga," akasema mwishowe. Halafu nikaona masharubu yake yakitikisika. "Ya kwangu itakuwa ya kwanza."

Basi nilivua koti jeupe. Tangu Goma sikuwa nimeshika sepetu, lakini mkono hausahau. Nikavaa buti, glavu na miwani ya mlinzi, maana anayesimamia kanuni aanze kuivaa yeye. Tukaliweka bidoni lililofungwa ndani ya nusu ya pipa la chuma. Nikatoboa ubavu wake wa juu kwa ncha ya sepetu lenye mpini mrefu, maziwa yakashuka taratibu ndani ya sementi na mchanga, nikakoroga bila kuinama. Kisha nikaendelea kujaza sementi ndani na nje, mpaka njano yote ikapotea chini ya kijivu. Mzee alisimama upande usio na upepo, kofia kifuani. Hakuna hata tone lililogusa udongo.

Tatizo lilikuja baadaye: jiwe lilikataa kukauka. Sementi ya maji ingekuwa ngumu kesho yake. Hii ya maziwa ilibaki laini, na kituo changu kikapata wageni wasio wagonjwa. Watu walipita kwa kisingizio cha kunyoosha miguu, wakachungulia juu ya uzio na kuuliza: "Titulere, fromaji imeiva?" Mlinzi aliichoma kwa kijiti kila asubuhi kama anayeonja viazi. Mimi niliwaeleza kwamba maziwa yana sukari yake, na sukari huichelewesha sementi, jambo ambalo kila mbeba-sementi wa Goma amelipata kwa kupigiwa kelele, siku alipomwagia chai yake kwenye ndoo ya fundi. Hawakuniamini. Mzee alikuja na maziwa ya kumpa binti yake, akaniambia chuchu za ng'ombe ni nzima, akatazama pipa, akaondoka. Huko shambani maganda ya maharagi yalikuwa yamekauka kabla ya jiwe langu.

Katika siku hizo za kungojea nilimwuliza swali ambalo lilitakiwa kuulizwa. "Papa, bidoni gani huwezi kumimina maziwa ndani yake, hata ukiwa umelewa furaha?"

Hakufikiri hata kidogo. "Yenye ilikuwa na mafuta ya moteri. Ile harufu haitokagi. Hata mutoto wa ngombe anakimbia."

Nikaongea na madereva wa pikipiki wa njia ya Sake. Wakaniletea mabidoni meusi ya mafuta ya injini, magumu zaidi kuliko yale ya mawese. Mzee aliyanusa moja moja kabla sijayatundika, na moja akalikataa kwa kuwa harufu yake ilikuwa imefifia. Nilimkubalia. Kila kazi inahitaji mtaalamu wake. Ya njano niliyaondoa yote kwenye kuta.

Jiwe likakauka juma lile watu walipokuwa wakipiga maharagi kwa fimbo nyuani. Mlinzi alilipiga nyundo, nyundo ikaruka na kumrudia. Alipiga kelele za furaha mpaka wazazi wakatoka nje. Tukalizika ndani ya uzio wa taka, chini kabisa, na wanaume wanne walilibeba huku wakiapa kwamba ng'ombe mwenyewe angekuwa mwepesi.

Na mzee akaja siku ile tuliyokubaliana, na buti zake na fimbo yake. Safari hii hakusimama uani. Aliingia mpaka chumba cha kuzalia, ambako mkewe alikuwa akipanga vifaa, nami nikamfuata nyuma, nikijifanya natafuta kalamu.

"Mama," akasema, "tangu tupande maharagi, nani alichomwa hapa?"

"Hakuna."

"Mwenye kufagia?"

"Hakuna."

"Hata mugeni?"

"Hata mugeni," akasema mkunga bila kugeuka. "Na kuna mugeni mumoja alijaribu sana."

Mzee alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akasema kwamba ameahidi kunyamaza na atanyamaza. Mkewe akamwambia hilo ndilo ataliamini akiliona. Hakuliona. Siku hizi mumewe hawezi kuuza lita moja ya maziwa bila kumweleza mnunuzi habari ya ng'ombe aliyejenga, na kwamba ni yeye anayenusa mabidoni ya kituo.

Kitu kimoja alikifanya bila maneno. Nje ya mlango wa chumba cha kuzalia, pale wageni wanapovua viatu, alipigilia msumari mkubwa na kutundika bidoni jipya la njano, lenye kifuniko chake. Wafugaji wakipita wanamimina, na wazazi wetu wanakunywa. Ndani ni meusi, nje ni la njano, na hakuna anayekosea.

Halafu akaja ofisini kwangu, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa, na kwa kuwa kiti kinaielekea, akaisoma diploma. Aliisoma kwa kidole, neno kwa neno.

"Sioni mahali imesema sementi," akasema.

"Haisemi."

"Basi iko nusu. Ile nusu ingine utaitundika wapi?"

Sikupata nafasi ya kumjibu, ingawa nilikuwa na jibu refu. Sauti ya mkewe ilitoka chumba cha pili, ile kubwa, inayopasua mbao.

"Papa Titulere! Mwambie ashuke ukutani! Kuna muzazi anasukuma!"

Nikavaa glavu, nikaenda.